Nguva Mwenye Uso wa Rukia

Leo nimeumbuka. Kuumba na kuumbuka ni maneno ya tumbo moja, nami leo nimeanza na la kwanza nikamalizia na la pili, mchana kweupe, Kunduchi, mbele ya sufuria tatu za pilau na watu waliovaa nguo za sikukuu.

Kabla hamjaanza kutuma vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, nisikilizeni hadi mwisho.

Wasionijua: naitwa Chande, naishi Kiwalani, natengeneza vyungu vya maua vya saruji pembeni ya barabara. Vyungu, vijiguzo vya baraza, na mara moja moja simba wa getini. (Simba wangu wawili wapo Ukonga. Mwenye nyumba anasema wezi wanawaogopa. Wageni wake wanamuuliza ameanza lini kufuga kondoo.)

Marehemu baba alikuwa mchonga vinyago, alikuja mjini kutoka Newala na patasi zake kwenye mfuko wa turubai. Alikuwa anaweza kukaa na gogo la mpingo siku nzima bila kuligusa. Analitazama tu. Halafu anasema, "Yumo humu." Hapo ndipo anaanza kuondoa mti, kidogo kidogo, mpaka aliyemo atoke. Patasi sikuzirithi. Nilirithi kule kutazama. Naweza kusimama mbele ya lundo la mchanga nusu saa nzima, ndege zinashuka juu ya mapaa yetu kwenda uwanjani, makelele yote yananipita, na mimi naona mabawa, naona mikono, naona nyuso za watu ambao hawajazaliwa. Jirani yangu Mama Zawadi, muuza vitumbua, akiniona napepesa macho huniuliza, "Umesharudi?"

Sasa, kuna Rukia.

Rukia anakaanga samaki kwenye mgahawa wa shangazi yake, kule Kunduchi, karibu na wanaposhushia samaki. Nilimwona mara ya kwanza nilipopeleka vyungu viwili vya maua. Akitaka kucheka anatazama pembeni kwanza, halafu ndiyo anacheka. Mimi nilipeleka vyungu viwili, nikarudi wiki iliyofuata kuvikagua. Nikarudi tena kuvikagua. Saruji haihitaji kukaguliwa kiasi kile.

Rukia amelelewa na huyo shangazi, Shangazi Mwanaidi, tangu mama yake afariki. Kwa hiyo nilipotaka kupeleka barua ya posa, ilibidi ianzie kwake. Nilimtuma mtu na ujumbe, kwa adabu zote. Jibu likarudi hivi:

"Barua hata mie najua kuandika. Nataka kuona mikono yake. Mgahawa wangu unaitwa Nguva tangu enzi za marehemu baba, na haujawahi kuwa na nguva. Aniwekee mmoja pale mlangoni, mkubwa, wa kukaa. Kazi ndiyo itakuwa barua yake. Nikiisoma nikaielewa, walete wazee wake. Nisipoielewa, asinisumbulie mtoto."

Niliposikia "nguva", nikaenda mbali.

Nilimwona palepale. Mwanamke mpaka kiunoni, samaki kuanzia kiunoni kushuka, amekaa juu ya mwamba, nywele zimemwagika mgongoni na bado zinachuruzika maji. Kidevu amekiinua kidogo. Anatazama pembeni, anakaribia kucheka. Magamba yake madogo madogo, kila moja limeshika mwanga wake peke yake. Niliona mpaka kivuli chake kwenye ukuta wa mgahawa saa kumi jioni, na watu wanapunguza sauti wakipita karibu naye bila kujua kwa nini. Nilirudi naye Kiwalani kichwani, nikalala naye kichwani, nikaamka naye. (Hapo msinielewe vibaya.)

Kosa la kwanza: nilimwambia Rukia.

"Uso utakuwa wako," nikamwambia.

Akatazama pembeni. "Usije ukanitia aibu, Chande."

"Aibu! Watu watasimama kukutazama pale mlangoni wasahau kilichowaleta."

Akacheka. Akamwambia shangazi yake. Shangazi akawaambia wateja. Wateja wa samaki mnawajua. Baada ya siku mbili Kunduchi nzima ilikuwa inajua kwamba Rukia wa kwa Mwanaidi anatengenezewa sanamu na mchumba.

Kazi ilinichukua wiki tatu. Nilifunga nondo, nikavisha waya wa kuku, nikaanza kupaka saruji. Na hapa lazima niwaambie tofauti ya mpingo na saruji, maana ndiyo iliyonimaliza. Baba alikuwa anaondoa. Mimi naongeza. Mwenye patasi akikosea, anajua amekosea na anaacha. Mwenye mwiko wa saruji akikosea, anaongeza. Pua ya Rukia ilitoka nyembamba upande mmoja, nikaongeza upande wa pili. Pua ikayazidi mashavu, nikaongeza mashavu. Mashavu yakailemea shingo, nikaongeza shingo isije ikakatika. Shingo ikafika mabegani. Kiuno kilipotea Jumatano, sijui saa ngapi.

Mtaniuliza, hukuona? Wallahi sikuona. Hiyo ndiyo siri ya watu wa aina yangu. Nilikuwa nikimtazama yule wa saruji, namwona yule wa kichwani. Nilipitisha mkono kwenye lile shavu nikaona kabisa linakaribia kucheka. Kuna jioni nilikaa chini mbele yake, saruji bado mbichi, jua limepita kwenye mashimo ya bati likamwangukia kifuani vipande vipande, nikasema kwa sauti, "Yumo humu." Nilitamani baba angekuwepo. Nililia kidogo. (Sawa, siyo kidogo.)

Jana Mama Zawadi alipita na beseni lake la vitumbua, akasimama, akatazama kwa muda. "Hongera, jirani. Kiboko wako ametoka vizuri."

Nikamshukuru. Nilidhani anasema kile chungu chenye picha ya kiboko.

Sijawahi kutengeneza chungu chenye picha ya kiboko.

Basi, leo asubuhi. Shangazi Mwanaidi alikuwa anafungua upya mgahawa baada ya kukarabati jiko. Dua, pilau, halafu nguva. Nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha Masoud, wanaume wanne wakambeba nguva wangu wakimtaja Mungu, nikamfunika na shuka la maua, nikakaa naye nyuma nimemshikilia. Safari ilikuwa nzuri. Upepo unavuma, shuka linapanda na kushuka kama anayepumua, mimi nimefumba macho naongea na mama mkwe ambaye bado hajawa mama mkwe. Nikiwa katikati ya hotuba, tukapita kwenye tuta. Ko!

"Masoud! Nini hicho?"

"Jiwe hilo, braza. Tulia."

Tuta la pili. Ko, ko!

"Masoud!"

"Barabara hii ina mawe, braza, mie nifanyeje?"

Tulipofika Kunduchi niliingiza mkono chini ya shuka nipapase. Hakukuwa na mawe. Zilikuwa nywele. Yale mawimbi yote ya nywele, kazi ya siku nne, yalikuwa yamelala sakafuni vipande vipande. Nikapapasa kichwa. Kipara. Laini kabisa. Watu wameshasogea, siwezi kufunua. Nikazikusanya nywele nikazitia kwenye ndoo ya Masoud, nikajipa moyo: hata mwenye kipara ana uso.

Shangazi Mwanaidi alitoka amevaa dera jipya, anang'aa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umemleta?"

"Nimemleta."

"Hebu tumwone huyo anayetaka kutuchukulia mtoto kwa saruji."

Watu wakacheka, cheko la heri. Wanaume wakamteremsha nguva wakamweka mlangoni. Mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, amekaa Mzee Pazi, dalali wa samaki, aliyenadisha samaki pale tangu shangazi akiwa msichana. Sauti yake akisema "karibu" utadhani kuna mnada. Na Rukia akatoka jikoni. Mtandio wa rangi ya zambarau. Marafiki zake wawili wamemshika mkono huku na huku, simu zimeshainuliwa. Akanitazama, akatazama pembeni.

Ningefunua tu. Mtu mwenye akili angefunua tu. Mimi nikatoa hotuba.

"Wazazi wangu, ndugu zangu. Msanii haoni kwa macho, anaona kwa moyo. Kabla sijafunua, nawaomba kitu kimoja. Utazameni uso. Utazameni vizuri. Kuna mtu hapa mtamtambua."

Vigelegele! Nikavuta shuka.

Shuka likakwama. Ncha za waya wa kuku zilikuwa zimechomoza kwenye mdomo wa juu, nami nilipanga kuzikata nikasahau. Nikavuta kwa nguvu. Shuka likatoka, na zile ncha zikatoka pamoja nalo, zikasimama wima. Sharubu.

Kigelegele cha mama mmoja kilikatika katikati. Nakumbuka kilikatikia wapi hasa.

Halafu macho ya watu wote yakamwingia yule nguva, na mimi, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, nikamwona kwa macho yao. Yule wa kichwani aliondoka. Aliondoka taratibu, bila hasira, wala hakugeuka nyuma. Akaniachia huyu. Kijivu. Mnene kuanzia kichwani mpaka mkiani, bila kituo. Pua imeangukia mdomoni, mdomo umeangukia kidevuni. Macho mawili madogo, kila moja linaitafuta njia yake. Kipara. Na sharubu.

Nyuma huko mtu akauliza, kwa nia njema kabisa, "Tumtambue nani?"

Mwingine akajibu kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, "Labda mwenye mgahawa."

Shangazi Mwanaidi akageuka kuwatafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nawaza kama mtu anaweza kwenda kwa miguu kutoka Kunduchi mpaka Newala.

Ndipo Mzee Pazi akainuka kwenye kiti chake. Akamzunguka nguva mara moja, mikono mgongoni. Akainama akamtazama usoni. Akagusa pua. Akagusa zile sharubu. Kisha akapaza sauti ileile ya mnadani:

"Subhanallah! Nguva!"

Nyuma kukaanza vicheko.

"Nyie watoto mnacheka nini? Nguva ndiye huyu! Mmoja alinasa kwenye jarife letu, wavu ule wa papa, mie na marehemu baba yake Mwanaidi tulikuwemo chomboni. Mnyama anayekula majani ya chini ya bahari. Mnene hivi. Pua imeinama hivi. Macho madogo hivi. Na ndevu! Mafundi wote wanachoraga mwanamke mwenye nywele, sijui wamemwonea wapi. Huyu kijana kamleta nguva mwenyewe!"

Nikamtazama Shangazi Mwanaidi. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, machozi yanamtoka.

"Baba alikuwa anatuonyesha kwa mkono wake," akasema. "Anaweka mkono puani anauinamisha, hivi. Walimkatia wavu akaenda zake, na baba hakuacha kusimulia habari zake mpaka anakufa. Mie nilisema nguva, nikajua nitaletewa mwanamke. Nikasema basi, nitapokea tu." Akanishika mkono. "Wazee wako waje wiki hii. Nimeisoma barua."

Jamani. Mlango wa pepo ulikuwa wazi. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo.

"Kijana, ulijuaje?" akaniuliza Mzee Pazi. "Nani alikusimulia?"

Nikavuta pumzi. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: niliulizauliza wazee, nikafanya utafiti. Tayari nilikuwa najiona nimevaa kanzu, niko kwenye zulia, pembeni yangu Rukia...

"Samahani," akasema rafiki mmoja wa Rukia, simu bado juu, inarekodi. "Si ulisema uso ni wa Rukia?"

Vichwa vyote vikanigeukia.

Rukia akaachia mikono ya marafiki zake, akaja mpaka mbele yangu. Akamtazama nguva. Akanitazama mimi. Safari hii hakutazama pembeni.

"Chande. Huyu ni mimi, au ni mnyama?"

Sasa nipigieni hesabu hiyo. Nikisema ni mnyama, shangazi ananipa mke kwa uongo, na mke mwenyewe anajua ni uongo, maana nilimwahidi kwa mdomo wangu. Nikisema ni yeye, nimemwambia mwanamke mbele ya kadamnasi kwamba ana kipara na sharubu. Juu yetu hakukuwa na hata ndege ya kupita ifunike kimya. Kwetu Kiwalani ingeshapita.

"Ni wewe," nikasema. "Nilikusudia wewe. Nguva wa kweli sikuwahi kumjua mpaka mzee alipoongea sasa hivi."

Basi! Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia maishani. Watu walishikana mabega. Mpishi wa pilau alikaa chini na mwiko wake. Mzee Pazi alijishikiza kwenye mkia wa nguva asianguke, huku akisema, "Rukia na ndevu! Rukia na ndevu!"

Rukia hakucheka.

"Kwa hiyo ndivyo unavyoniona?"

"Sivyo ninavyokuona," nikamwambia. "Ndivyo ninavyoweza."

Kisha akageuka akaingia jikoni, na mlango mpya wa jiko ukafungwa. Unafunga vizuri sana ule mlango.

Shangazi Mwanaidi akanisogelea. "Kwa hiyo na wewe ulikuwa unaniletea mwanamke mwenye nywele?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nywele zenyewe ziko wapi?"

"Ziko kwenye ndoo, shangazi."

"Hebu."

Nikamletea ndoo. Akachungulia. Akatoa kipande kimoja cha wimbi, akakigeuza, akakirudisha polepole. Halafu akacheka mpaka akakalia kiti cha Mzee Pazi. Alipopata pumzi alisema, "Mnyama anabaki hapo mlangoni. Mie barua nimeikubali, sirudi nyuma. Lakini anayeolewa si mie, baba. Mwenye uso yuko jikoni, na mie simsemei."

Nikapewa sahani ya pilau yenye nyama nyingi kuliko za wenzangu wote. (Ukiona umepewa nyama nyingi hivyo, ujue umehurumiwa.) Nikala nimeegemea kazi yangu, watu wanapanga foleni kupiga naye picha, wanaweka vidole viwili juu ya midomo kama sharubu. Mlango wa jiko haukufunguliwa. Nilisubiri mpaka sufuria zikaoshwa. Nikaaga.

Nilirudi nimekaa mbele na Masoud, ndoo ya nywele nimeipakata. Tulipofika matuta alipunguza mwendo kabisa, mstaarabu sana. Nilikuwa nawaza kwamba baba alikuwa na bahati ya kushika mti, maana kwenye mti ukikosea unaweza kusema ndivyo ulivyokuwa ndani. Saruji haina mtu ndani. Kilichopo ni kile ulichokiweka wewe, na leo niliweka mapenzi yote niliyonayo, yakatoka mnyama wa majani.

Kiwalani, Mama Zawadi alikuwa anafunga meza yake. "Kiboko amefika salama?"

"Amefika."

"Na wewe? Umesharudi?"

Nilikaa kwenye lundo langu la mchanga. Adhana ya magharibi inaanza, ndege inashuka taa zimewaka, anga lina rangi ya mtandio wa Rukia. Simu ikalia. Ni Masoud, kaandika neno moja: "Status."

Nikafungua za Rukia.

Ameweka picha ya nguva pale mlangoni, jioni, watu wameshaondoka. Kivuli chake kipo ukutani, mahali palepale nilipokiona kichwani. Na kile kipara kimefunikwa, kimefungwa vizuri kwa mtandio wa zambarau, mafundo mawili nyuma ya shingo (ile isiyokuwepo). Sharubu kaziacha. Chini yake ameandika:

"Mimi huyu, kwa mikono ya mume mtarajiwa."

Basi chekeni, nimewaruhusu. Mimi nimelisoma hilo neno la mwisho mara kumi na moja na bado sijarudi.